Farasi Aliyerudi Bandani

Hatua ya kumi nilimrudisha farasi wangu g1. Kwa asiyejua sataranji, kila chumba cha ubao huitwa kwa herufi, a hadi h, na namba, 1 hadi 8 kuanzia upande wa mweupe, na g1 ni chumba anachosimama farasi mmoja mweupe kabla mtu hajagusa kitu. Nilikuwa nimesafiri usiku kucha kutoka Mombasa hadi Nairobi, karibu kilomita 500, nimelipa ada ya kuingia, nimezima simu na kuitia mkobani. Na sasa, baada ya nusu saa ya kuwaza, kazi niliyoifanya ni kumtoa farasi bandani, kumtembeza, na kumrudisha bandani. Mbele yangu ameketi msichana wa miaka kumi hivi, sweta la shule, miguu haigusi sakafu. Aliiandika hatua yangu kwenye karatasi yake kwa mwandiko wa mviringo, akainua macho, akanitazama kama mtu anayetaka kuuliza jambo kisha akakumbuka kwamba ukumbini haturuhusiwi kuzungumza.

Kwetu Mji wa Kale sataranji huchezwa kando ya muuza kahawa, baina ya meza ya dhumna na ubao wa bao. Ni mchezo wa wachache. Dhumna ina kelele, bao lina heshima, karata zina ugomvi. Sataranji ina watu wanne watano wanaonuna saa nzima huku kahawa yao ikipoa. Wazee wa bao hutucheka. Mmoja wao aliwahi kuniambia kwamba sisi tumepindua hesabu yao: bao lina mashimo 32 na kete 64, sataranji ina vyumba 64 na kete 32. Nilihesabu mara mbili kabla ya kumwamini.

Aliyenifundisha ni fundi saa mmoja jirani yetu. Alinionyesha jinsi kila kete inavyokwenda, akanifunga mchezo baada ya mchezo kwa miezi, wala hakunionea huruma hata siku moja. Nilichoka kufungwa. Ndipo usiku mmoja nikiwa kitandani na simu nikakutana na video fupi ya mtego. Nikaitazama mara tatu. Kesho yake barazani nikamfunga kijana mmoja wa bandarini kwa hatua zisizofika ishirini, na tangu siku hiyo nikawa mtu mwingine.

Mtego wenyewe ni huu. Mweupe anasukuma askari e4, mweusi e5. Farasi mweupe anakwenda f3 kumtishia askari huyo, mweusi anamlinda kwa farasi c6. Askofu mweupe anatoka hadi c4, mweusi anamtoa farasi wake wa pili f6. Hapo mweupe, badala ya kuendelea kuwaamsha watu wake waliolala, anamrusha farasi aliyekwisha kutoka hadi g5. Farasi na askofu wote wawili sasa wanakitazama chumba kimoja, f7, ambacho mlinzi wake ni mfalme peke yake. Mweusi kwa kawaida huuziba mstari wa askofu kwa askari d5. Mweupe anamla. Mweusi, kama binadamu yeyote aliyeliwa, anamla aliyemla kwa farasi. Na hapo ndipo farasi mweupe anaporuka ndani ya f7, anajitoa kafara, mfalme anamla, malkia anatoka f3 kwa sheki, yaani akimtishia mfalme, huku akimtishia pia farasi wa d5. Mfalme akitaka kumwokoa farasi wake lazima apande hadi e6, katikati ya uwanja, mchana kweupe, wenzake wengi wakiwa bado wamelala nyumbani.

Huko Italia waliuita fegatello, kipande cha ini. Siku hizi hujulikana duniani kama shambulio la ini la kukaanga. Mtaliano Giulio Cesare Polerio aliucheza zaidi ya miaka 400 iliyopita, kwa hiyo video yangu haikuwa imegundua kitu. Lakini jina lile nililipenda. Sisi husema neno limenikata maini, kwa maana ya kuumia hadi kuvunjika moyo, na nilivyokuwa nikiwaangalia wenzangu barazani wakati mfalme wao anaburutwa hadi e6, niliona kwamba Waitaliano na Waswahili wamekutana mahali fulani.

Kwa zaidi ya mwaka mmoja sikucheza kitu kingine. Nikiwa mweupe, mtego. Nikiwa mweusi, nilikuwa nikiharakisha mchezo uishe ili zamu yangu ya weupe irudi. Fundi saa nilimnasa mara tatu. Mara ya nne alipoona askofu wangu c4, hakumtoa farasi f6. Alimtoa askofu wake c5, mtego ukafa pale pale kwa sababu malkia wake aliichungulia g5. Nikamuuliza mbona amebadilisha. Akajibu bila kuinua kichwa: "Wewe, mwanangu, huchezi sataranji. Unategesha panya." Watu wakacheka. Mimi nikaona ni wivu wa mzee aliyepitwa na mwanafunzi wake.

Basi nilipopata habari za mashindano ya wikendi Nairobi, raundi tano kwa siku mbili, wazi kwa yeyote mwenye ada, sikufikiri mara mbili. Nilidhani nitakwenda kuwakaanga maini watu wa bara.

Mambo ya ukumbini yalinitisha kabla hata sijacheza. Kwanza kimya. Barazani mtu akikosea, watu sita wanamwambia palepale, na wawili wao wananyoosha mkono kumwonyesha. Hapa zaidi ya watu mia wameinama na husikii kitu ila kete zikiguswa na saa zikibonyezwa. Pili, kuandika. Kila hatua yako na ya mwenzako lazima uiandike kwenye karatasi, na mimi kwa woga nikawa naandika hatua yangu kabla ya kuicheza, ili nisisahau. Mwamuzi akaja akainama sikioni: "Cheza kwanza, uandike baadaye." Tatu, ukigusa umecheza. Barazani sisi hugusa, huinua, huzungusha hewani, hurudisha, huuliza maoni. Nilikuwa naijua sheria hiyo kwa kusikia tu, kama vile mtu wa pwani anavyoijua theluji.

Raundi ya kwanza nilipangwa na mwanafunzi wa chuo, nikawa mweupe, naye akaingia mtegoni mzima mzima. Alipomla askari wa d5 kwa farasi nilisikia moyo wangu ukipiga masikioni. Saa moja baadaye nilikuwa nje nikinywa chai nimejaa kama kibofu. Mashindano yale yanapangwa kwa mfumo wa Uswisi: hakuna anayetolewa, ila mshindi hukutanishwa na mshindi, aliyeshindwa na aliyeshindwa. Maana yake kila unaposhinda unapelekwa kwa mtu mkali zaidi. Nilipoenda ukutani kutazama karatasi ya raundi ya pili nikaona jina la mtoto wa kike, na nikiri kwamba nilitabasamu.

Hatua nne za kwanza alizicheza upesi, kama anayesoma aya aliyoihifadhi. Farasi wangu akafika g5. Akasukuma d5 bila kuwaza. Nikamla. Sasa nikawa nasubiri tu amle askari wangu kwa farasi, kalamu iko tayari.

Hakumla. Alimchukua farasi wake wa c6 akampeleka a5, pembeni kabisa mwa ubao, akimtishia askofu wangu, akabonyeza saa.

Jambo la kwanza lililonijia ni kwamba amekosea. Barazani hakuna mtu aliyewahi kucheza hivyo. Askari wangu alikuwa amesimama d5, ameshiba, hakuna aliyemgusa. Nimemzidi mtoto wa watu askari mmoja mzima. Jambo la pili lililonijia, dakika kama tano baadaye, ni kwamba sina ninachokijua. Video ile ilikuwa imeishia mtego unapofanikiwa. Ilikuwa haijasema lolote juu ya mtu anayekataa kunaswa.

Nikampeleka askofu b5 kwa sheki. Akaziba kwa askari c6. Nikala. Akala kwa askari wa b. Askofu wangu akawa anatishwa tena, nikamrudisha e2. Akasukuma askari h6, farasi wangu wa g5 akawa hana pa kukaa, nikamrudisha f3. Akasukuma askari e4, farasi anatishwa tena. Hapo nilikaa muda mrefu. Palikuwa na e5, chumba kizuri cha katikati, na leo najua ndiko mabingwa wengi wanakokwenda. Lakini mimi nilikuwa nimechoka kufukuzwa. Kila nilipokaa nilisukumwa. Nikatamani mahali ambapo hakuna atakayenisukuma, na kwenye ubao mzima niliona mahali pamoja tu pa namna hiyo. Nikamrudisha g1.

Yule mtoto akamtoa askofu wake c5. Nikasukuma askari d3 kuigusa e4 yake. Akamtoa malkia b6. Askofu na malkia sasa wamejipanga mstari mmoja, wakikitazama chumba cha f2, ambacho mlinzi wake ni mfalme wangu peke yake.

Nilikitazama chumba kile. Ni kile kile. Ni ile f7 yangu imegeuzwa upande wangu.

Mkono ukaenda kwa farasi bila kuniuliza. Nikamgusa. Mara nikakumbuka sheria. Nikabaki nimemshika kichwa kama mtu aliyemkamata kuku asijue amfanye nini. Farasi wa g1 ana milango mitatu: e2, lakini pale amekaa askofu wangu mwenyewe, f3, lakini pale askari wake wa e4 anamla, na h3. Nikampeleka h3. Angalau aliilinda f2. Askofu wake wa pili, ambaye nilikuwa nimemsahau kabisa, akatoka c8 akavuka ubao mzima akamla. Nikamla kwa askari wa g, na askofu wake wa c5 akaingia f2 kwa sheki.

Kilichofuata ni kifupi. Mfalme wangu akasogea f1. Yeye, kwa utulivu ulionikera, akamficha mfalme wake kwanza nyuma ya ngome, kama mtu anayefunga mlango wa nyumba kabla ya kwenda shamba. Nikamla askari wa e4, kwa sababu nilikuwa bado mtu wa kula. Akaleta ngome d8, malkia wangu akatishwa, nikaziba kwa farasi wa pili d2. Akamwondoa askofu wake f2 akampeleka h4. Nilifurahi sekunde moja, nikadhani anakimbia. Kumbe alikuwa anampisha malkia. Nikasogeza mfalme g2, malkia akashuka f2, mfalme amefungwa. Hatua 17.

Alininyooshea mkono kwanza. "Asante, anko," akasema. Halafu, kwa sauti ya chini: "Unataka tuutazame?"

Mtu aliyefungwa na mtoto hataki kuutazama. Anataka kwenda chooni kunawa uso. Lakini nilikuwa na aibu ya kukataa, tukaenda chumba cha pembeni, ambako wachezaji huruhusiwa kuzungumza, na mwalimu wake akaja akasimama nyuma yetu na kikombe cha chai. Msichana akapanga kete upya, akacheza hatua kumi na mbili za mwanzo kwa kasi bila kutazama karatasi. Akasimama.

"Anko, farasi wako amesogea mara ngapi?"

Tukahesabu. f3, g5, f3, g1, h3. Mara tano, na ya tano akafa. Askofu: c4, b5, e2. Mara tatu. Hatua nne zilizobaki zilikuwa za askari, na mbili kati ya hizo nilikuwa nikila. Hatua kumi na mbili, na watu waliofanya kazi ni wawili tu. Akaonyesha kwa kidole, moja moja, ngome zangu mbili, askofu wa c1, malkia. Mpaka mfalme wangu anafungwa, hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameinuka kitini.

Nikamwambia, kwa kujitetea, kwamba yeye naye alikuwa amenipa askari bure. Akatikisa kichwa. Alisema hakunipa bure, aliniuzia. Mimi nilichukua askari, yeye alichukua hatua. Kila aliponifukuza, alimfukuza farasi au askofu kwa hatua ambayo yeye mwenyewe alikuwa anaihitaji: c6 ilimfungulia njia, e4 ilimpa nafasi, mimi nikawa nalipa kwa kukimbia. "Sasa hapa," akasema, akirudisha ubao kwenye hatua ya kumi na mbili, kabla sijamgusa farasi, "ungemtoa huyu askofu wa c1 hadi e3. Tungebadilishana maaskofu. Yule askari ningemrudisha, lakini mchezo ungeendelea." Nilipatazama. Kweli. Askofu wa c1 anatoka, analindwa na askari wa f2, anamziba askofu wake, mstari wote unakatika. Mimi nilikuwa na jibu pale ubaoni, ila jibu lenyewe halikuwa farasi, na mkono wangu kwa mwaka mzima ulikuwa umezoea farasi.

Mwalimu alicheka kwa upole, akaniambia nisijilaumu sana, maana njia ile imewapoteza wakubwa. Wilhelm Steinitz, bingwa wa kwanza wa dunia, alipofika pale ambapo farasi anafukuzwa na h6, yeye hakumrudisha f3. Alimpeleka h3, pembeni, mahali ambapo mtu yeyote angemwambia ni vibaya. Akaicheza hivyo katika mechi yake ya simu ya maandishi dhidi ya Mrusi Mikhail Chigorin mwaka 1891, akashindwa, na dunia ikaisahau hatua ile kwa muda mrefu mpaka Bobby Fischer alipoifufua miaka ya 1960. Naye Siegbert Tarrasch, mwalimu mkubwa wa Kijerumani, aliidharau hatua yenyewe ya farasi g5, akaiita ya mbumbumbu. Hapo nikajisikia vibaya tena. Lakini mwalimu akaongeza kwamba Tarrasch alizidisha: kompyuta za leo zinaikubali g5 vizuri tu. Ila mweupe akishamchukua yule askari ajue anakwenda kujilinda kwa hatua kumi na tano, wala si kushambulia. Niliyaweka maneno hayo akilini. Mimi nilikuwa nimeingia vitani nikidhani nimebeba mkuki, kumbe nimebeba mzigo.

Raundi ya tatu nilishindwa vibaya na sina la kusimulia. Nililala kwa binamu yangu Eastleigh, na badala ya kulala nikakesha na ubao wa simu nikiipitia ile njia ya farasi a5 kwa upande wa weusi. Niliihifadhi yote: c6, h6, e4, askofu c5, malkia b6. Asubuhi ya Jumapili, raundi ya nne, simu ya mpinzani wangu iliita mfukoni mwake tukiwa hatua ya saba, na kwa sheria akapoteza mchezo papo hapo. Alikuwa mzee mstaarabu, akaniomba radhi mimi. Alama ile iko kwenye jina langu mpaka leo na kila nikiiona naona aibu kidogo.

Raundi ya tano nikapewa weusi. Kijana wa sekondari, kofia ya sufu, mwenye haraka. E4, e5. Farasi, farasi. Askofu c4. Nikamtoa farasi f6 kwa makusudi kabisa, nikamwangalia. Akamrusha farasi wake g5.

Nilijua anachokisikia moyoni. Nikasukuma d5, akala, nikampeleka farasi a5. Akatoa sheki b5, c6, akala, nikala. Sasa atarudi e2, nikajisemea, kisha nitamfukuza mpaka g1, na mimi nitakuwa yule msichana.

Askofu wake hakurudi e2. Alirudi d3, mbele ya askari wake mwenyewe, akimzibia njia. Hatua ya nane tu na mimi tena niko msituni bila dira.

Nilitaka kucheka. Usiku mzima sikuwa nimejifunza sataranji. Nilikuwa nimebadilisha mtego mmoja kwa mwingine. Nimetoka kutegesha panya upande wa weupe, nimekwenda kutegesha upande wa weusi.

Nilikaa dakika ishirini na mbili. Niliandika muda kwenye karatasi, ndiyo maana najua. Mwanzoni nilitafuta kumbukumbu, kisha nikaacha kutafuta. Nikajiuliza swali la mtoto: farasi wake amesogea mara ngapi? Mbili. Askofu? Tatu. Nani amelala? Karibu wote, na askofu wa d3 amemfungia mlango askari wa d, kwa hiyo askofu wa c1 hatatoka karibuni. Mimi je? Nimetoa farasi wawili, mmoja yuko pembeni. Ni nini kinachoninyima? Farasi wangu wa f6 amemzibia malkia wangu asiione g5. Akiondoka pale, malkia anamgusa farasi wake bila mimi kutumia hatua ya ziada. Akienda wapi? Katikati, d5, askari wa c6 anamlinda. Nikamsogeza d5. Mikono ilikuwa inatetemeka, kwa sababu sikuwahi kuicheza hatua ile wala kuiona kwa mtu. Baadaye niliambiwa ni hatua inayojulikana sana, lakini pale, kwenye meza ile, ilikuwa yangu.

Akarudisha farasi f3. Sikupata shambulio lolote la ajabu. Nilitoa askofu, nikamficha mfalme, nikaleta ngome katikati, nikamsumbua sumbua, naye akamshikilia yule askari wake wa ziada kama mtu aliyeshika noti sokoni. Mara mbili niliona njia ya kushinda, mara mbili haikuwa njia. Tukafika mwishoni na ngome moja kila mmoja, yeye askari watatu, mimi wawili, saa karibu tatu zimepita, ukumbi umebaki meza nne. Akanyoosha mkono. "Sare?" Nikakubali kabla hajamaliza neno. Alama mbili na nusu kati ya tano, na ile moja ya simu iliyoita.

Nikitoka nilimkuta yule msichana ngazini akisubiri gari la shule, ameshika medali kwa utepe anaizungusha. Nikamwambia nimecheza farasi a5 kama wewe. Akauliza askofu alirudi wapi, e2 au d3? Nikasema d3. Akakunja uso. "Hiyo ni ngumu," akasema. "Mimi huwa nashindwa hapo."

Jumatano barazani walitaka habari. Niliwaambia nimepata sare na bara zima, wakacheka, nikaagiza kahawa. Fundi saa hakuuliza kitu. Alipanga ubao, akanigeuzia weupe, tukaanza. E4, e5. Farasi f3, farasi c6. Askofu c4. Kwa miezi mingi alikuwa akijibu hapa kwa askofu wake, kila mara, bila kukosa. Siku hiyo akamchukua farasi wake taratibu akamweka f6. Mlango wazi. Akaegemea ukuta, akakunja mikono, na wale wawili waliokuwa kwenye dhumna wakageuka kutazama.

Nilimgusa askari wa d, mzima mzima, nikijua nimemgusa, nikamsogeza chumba kimoja, d3.

Mzee akautazama ubao kwa muda. Kisha akamwita muuza kahawa, akamwambia kahawa ya leo atailipa yeye mwenyewe.